Sisimizi Hawakuchimba Matundu Yale

Wiki hii nimetumiwa tena picha ya Myrmecodia, mmea wenye kiazi ambamo sisimizi huishi, iliyozibwa matundu kwa udongo, na kiazi chote kimepuliziwa dawa ya wadudu. Mwenye mmea anaamini sisimizi wameutoboa, na anauliza lini "vidonda" vitapona. Nimechoka kulijibu swali hili kwa mistari miwili, kwa hiyo leo nalijibu lote.

Havikuwa vidonda. Wala si sisimizi waliotoboa.

Myrmecodia na mwenzake Hydnophytum ni jamaa za mbuni, yaani mti wa kahawa, familia ya Rubiaceae. Huota juu ya miti, kuanzia Asia ya Kusini-Mashariki hadi Guinea Mpya, Australia ya kaskazini na visiwa vya Pasifiki. Mti ni kiti tu, hawaunyonyi.

Nimeziotesha mbegu zake juu ya meza ambayo sisimizi hafiki. Mche ungali mdogo, sehemu ya chini ya shina huvimba. Ndani yake kambiamu ya koki, lile tabaka linalotengeneza gome, hujikunja na kuzingira kipande cha nyama ya kiazi. Kipande hicho kikishatengwa hukosa maji, hufa, hukauka na kusinyaa. Panabaki uwazi wenye mlango wake. Kiazi kikikua, chumba kingine hufuata, na kingine, mpaka ukikikata unaona mapango yanayoingiliana. Nyumba imekamilika na mpangaji hajafika! Mtaalamu wa mimea Melchior Treub alilionyesha hilo huko Bogor, Java, miaka ya 1880, naye alikuwa na miche tu na subira.

Pengine tunapotoshwa na miiba ya kwetu. Vachellia drepanolobium, ule mgunga wa Laikipia na Serengeti unaopiga mluzi upepo ukivuma, huvimbisha miiba yake wenyewe, lakini mlango hutafunwa na sisimizi. Kwa hiyo anayesema "wametoboa" akiwa chini ya mgunga hajakosea sana. Akiyahamishia maneno hayo kwenye Myrmecodia, amekosea kabisa.

Tazameni kuta, jamani, kabla ya kushika chupa ya dawa. Vyumba vingine vina kuta laini. Humo sisimizi hulea mayai na watoto wao. Vingine vina vinundu vidogo vyeupe. Humo hutupa kinyesi na mizoga ya wadudu. Mtafiti Camilla Huxley alizieleza tofauti hizi baada ya utafiti wake Papua Guinea Mpya miaka ya 1970. Vinundu hufyonza virutubisho kutoka kwenye taka hizo. Kwa mmea unaoning'inia juu, mbali na udongo, jalala hilo ndilo shamba lake.

Ninapositasita ni kwenye habari ya ulinzi. Vitabu huandika kwa uhakika kwamba sisimizi huulinda mmea. Wapangaji wa kawaida, Philidris, ni wadogo na hawana mwiba wa kuchoma. Wanakutambaa mkononi kwa hasira, ndiyo, lakini sijashawishika kwamba hasira hiyo inamzuia kila mla majani. Chakula nakiamini zaidi. Tena kwenye milima ya juu ya Guinea Mpya, ambako sisimizi ni haba, kuna jamaa za mimea hii ambazo vyumba vyake hukusanya maji ya mvua na kukaliwa na vyura.

Kwa aliyenitumia picha: toa udongo wote kwa kijiti, taratibu, usikwaruze kuta. Acha dawa. Mpe mbolea nyepesi kupitia mizizi, kwa kuwa hana wa kumletea taka, na umweke penye hewa inayopita. Matundu yabaki wazi.