Mlima wa treni ulianzia Changamwe: yanayosemwa kuhusu treni za mizigo za zamani, na ukweli wake

Ukiketi baraza lolote la Mombasa penye mzee aliyefanya kazi reli, au aliyekulia kando ya reli tu, ukazusha habari za treni za mizigo za enzi zile, hukosi wa kukwambia kwamba treni za kutazamwa zilikuwa bara. Huko ndiko kwenye milima, huko ndiko injini zilikohema. Pwani, eti, treni ilikuwa inajiondokea tu. Maneno haya utayasikia hata kwa watu wa Mazeras, ambao utoto wao wote waliamshwa usiku na treni ikipambana na mpando nyuma ya nyumba. Nimechoka nayo, pamoja na maneno mengine kadhaa ya namna hiyo kuhusu treni za zamani. Mengi yana chembe ya kweli ndani yake, ndiyo maana hayafi.

"Pwani ni tambarare, taabu ilianzia Bonde la Ufa"

Reli ya zamani kutoka Mombasa hadi Nairobi ina kilomita 530 hivi, na Nairobi iko mita 1,660 hivi juu ya usawa wa bahari. Mita hizo hazikungoja Bonde la Ufa. Treni ikishavuka Makupa na kutoka kisiwani, inaanza kupanda: Changamwe, Miritini, kisha Mazeras, ambako tayari uko zaidi ya mita 150 juu ya maji ya bandari ya Kilindini. Baina ya Miritini na Mazeras vilima vimekaa vibaya kiasi kwamba njia haikuweza kwenda moja kwa moja. Ikazungushwa ikafanya duara, ikapita juu ya yenyewe.

Kwa nini kuzunguka kote huko? Hesabu yake si ngumu. Tani moja ya mzigo kwenye reli tambarare inahitaji nguvu ya kama kilo tatu tu ili iendelee kubingirika polepole. Chuma juu ya chuma hakina ubishi. Lakini ukiinua njia kwa asilimia 1.5, yaani mita moja na nusu kwa kila mita mia, unaongeza kilo kumi na tano juu ya zile tatu. Treni ileile, mzigo uleule, sasa inataka kuvutwa kwa nguvu mara sita. Ndiyo maana wahandisi waliona heri warefushe njia kuliko kuisimamisha. Asilimia 1.5 ndiyo iliyokuwa mpaka wao kati ya Mombasa na Nairobi.

Na hapa ndipo watazamaji wengi hawajapatia. Mpando mkali kuliko yote katika safari ndio unaoamua uzito wa treni nzima, hata kama kilomita nyingine mia ni tambarare kama sakafu. Kwa hiyo mabehewa yaliyopangwa Kilindini yalihesabiwa kwa kutazama vilima vya namna hii. Hukuhitaji kwenda Nakuru kuona injini ikifanya kazi yake ngumu. Ungesimama Mazeras jioni ukaiona inakuja kwa mwendo ambao mtu wa baiskeli angeandamana nao, viungo baina ya mabehewa vimekazika, na gadi kwenye behewa la mwisho amejiegemeza dirishani kama hana haraka na dunia.

Bara kweli kulikuwa na makubwa. Ukuta wa Bonde la Ufa ulikuwa mkali hivi kwamba kabla ya njia ya kudumu kukamilika mwaka 1901, mabehewa yaliteremshwa kwa kamba. Timboroa, kwenye njia ya kuelekea Uganda, reli inafika mita 2,785, na huko mipando ilifika asilimia 2. Ila kimo na ukali wa mpando ni mambo mawili. Mtu anaweza kuwa juu sana mahali palipo tambarare, na anaweza kuwa karibu na bahari huku injini inatetemeka.

"Zile kubwa zilikuwa injini mbili zimeunganishwa"

Hili nalielewa, maana macho na masikio yote yalidanganywa. Injini zinazozungumzwa ni Garratt za daraja la 59, yaani aina ya injini za mvuke iliyopewa namba hiyo, zile nyekundu ya damu ya mzee, zilizotawala njia ya Mombasa tangu katikati ya miaka ya 1950. Zilikuwa 34, zikatengenezwa na Beyer, Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956, na kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Urefu ulizidi mita 31. Uzito, ikiwa imejazwa maji na mafuta, ni tani 252. Yote hayo juu ya reli yenye upana wa mita moja! Hakuna injini ya mvuke iliyowahi kutumika kwenye reli ya upana huo iliyoizidi nguvu.

Lakini ilikuwa injini moja. Katikati kuna pipa moja kubwa la kuchemshia maji, limebebwa na fremu iliyoning'inia juu ya seti mbili za magurudumu, moja mbele na moja nyuma. Tangi la maji limekaa juu ya seti ya mbele, mafuta juu ya seti ya nyuma. Kila seti inajigeuza yenyewe kwenye kona, kwa hiyo jitu lile liliweza kujipinda kwenye duara la Mazeras pasipo kuruka reli. Na kwa kuwa chini ya pipa hakuna magurudumu, pipa liliweza kunenepeshwa. Uzito uligawanyika juu ya magurudumu kumi na sita ya kuvuta, nane mbele, nane nyuma, na mvuke ukatoka chanzo kimoja ukaenda kote kuwili.

Sasa masikio. Seti hizo mbili hazikufungwa pamoja, kila moja ilizunguka kwa mwendo wake. Kwa hiyo mipigo ya mvuke ilikuwa inakutana, halafu inaachana, halafu inakutana tena. Kwa dakika kadhaa unasikia mpigo mmoja mzito. Kidogo kidogo unapasuka kuwa miwili. Ukizidi kusikiliza, unarudi kuwa mmoja. Aliyekuwa kitandani na hakuona kitu angeapa zimepita injini mbili. Na ikitokea seti ya mbele imeteleza, unasikia upande mmoja unakwenda mbio kama ngoma iliyoharibika huku wa pili bado unavuta taratibu.

Wanasema pia lile behewa la nyumba lililofuata nyuma ya injini lilikuwa la wakubwa. La, lilikuwa la kulala. Safari ilikuwa ndefu, basi treni ilikwenda na wafanyakazi wa zamu mbili. Hawa wakiendesha, wale wamelala humo.

"Moshi ule mweusi ni wa makaa ya mawe"

Wakati wa daraja la 59, hapana. Kuni na makaa ya mawe vilitumika zamani zaidi, lakini baada ya Vita vya Pili vya Dunia injini za reli hii ziligeuzwa kutumia mafuta mazito, na Garratt hizi zilikuja zikiwa za mafuta. Wenye kumbukumbu ya fayamani, yaani mchochea moto, akichota makaa kwa koleo hadi jasho linamtiririka wamezichukua kwenye sinema. Fayamani wa Mombasa alikaa mbele ya vali, akicheza na mafuta, mvuke na hewa, jicho moja kwenye geji na jingine kwenye bomba la moshi. Mwaka 1963 kiwanda cha kusafishia mafuta kilifunguliwa Changamwe, hatua chache tu kutoka kwenye reli hiyohiyo.

Moshi mweusi ulikuwa na sababu mbili. Ama mafuta yamezidi hewa, na hapo fayamani atasikia maneno kutoka kwa dereva. Ama ni makusudi: masizi ya mafuta hugandia ndani ya mabomba ya pipa na kulifanya lichemke kwa uvivu, basi fayamani hutia mchanga kwenye tanuri wakati injini inavuta kwa nguvu. Mchanga unapita mabombani kwa kasi, unakwangua masizi, na mawingu meusi yanatoka juu. Aliyeanika nguo karibu na reli siku hiyo alikuwa na lake la kusema.

Mchanga wa pili ulikuwa wa magurudumu. Nimesikia watu wakisema mchanga ulipakiwa injini iwe nzito, wengine wanasema ulikuwa wa breki tu. Kazi yake kubwa ilikuwa kupanda. Gurudumu la chuma juu ya reli kavu linashika vizuri, lakini reli ikilowa kidogo tu, hasa manyunyu ya kwanza ya masika yanapochanganyika na vumbi na mafuta, inakuwa kama imepakwa sabuni. Mvua kubwa huisafisha reli na kuifanya afadhali. Manyunyu ndiyo adui. Dereva hufungua vali, mchanga mkavu unashuka kwa kijibomba hadi mbele ya gurudumu, unasagwa, gurudumu linashika. Ukitembea kando ya njia baada ya treni kupita, ungeuona unga mweupe juu ya reli, mahali fulani upo na mahali fulani haupo. Hapo unajua dereva alipopata shida.

"Kuteremka ni kupumzika"

Muulize dereva yeyote. Ukipanda, likiharibika jambo, treni inasimama. Aibu tu na kuchelewa. Ukiteremka na tani elfu moja zinakusukuma mgongoni, hakuna kusimama kwa kutaka. Mita mia hazitoshi, unahitaji mamia ya mita, na hayo kama ulianza mapema.

Kuna wanaoamini kwamba breki za upepo zikipasuka bomba, treni imekosa breki. Ni kinyume chake. Upepo ulio kwenye bomba refu la treni ndio unaoziachilia breki. Bomba likikatika, upepo unatoka, na kila behewa linajifunga kwa upepo wa akiba kwenye tangi lake. Hatari ya kweli ni nyingine: dereva anayefunga na kuachia, kufunga na kuachia, kwenye mteremko mrefu, bila kuyapa matangi muda wa kujaa. Akiba inapungua kila mara, na siku moja anafunga na hapati kitu. Ufundi wa kushuka Mazeras kuja Changamwe ulikuwa kuanza polepole tangu juu. Treni iliyoshuka hivyo iliacha harufu ya chuma kilichoungua, na ukisogea ungeona moshi mwembamba wa buluu chini ya mabehewa.

"Treni kubwa utaisikia tu"

Hii ndiyo dhana mbaya kuliko zote, maana ingali inaua. Treni inayopanda utaisikia kutoka mbali sana. Inayoteremka ni mambo mengine: injini imelegezwa, hasa ya dizeli, mabehewa yanabingirika kwa uzito wao, na kinachobaki ni mlio mdogo wa magurudumu ambao mikorosho miwili mitatu inatosha kuuficha. Wakati wa kusi ni vibaya zaidi, kwa sababu upepo unatoka baharini kwenda bara na kuirudisha sauti ya treni ilikotoka. Mtu anayetembea relini Miritini, mgongo wake umeelekea Mazeras, yuko mahali pabaya mno.

Kulaza sikio kwenye reli hakusaidii inavyodhaniwa. Ni kweli sauti hukimbia ndani ya chuma kama mara kumi na tano kuliko hewani. Lakini reli ya zamani iliungwa vipande vipande kwa bolti, na kila kiungo kinaimeza sauti kidogo. Tena reli haikwambii treni inatoka upande gani.

Ama ile senti kumi ya tundu tuliyoambiwa ikiwekwa relini itaangusha treni, haikuangusha kitu. Ilitoka bapa, ya moto, tundu limekuwa ufa. Aliyekuwa hatarini ni mtoto aliyerudi kuiokota.

"Kilichoshuka kilikuwa kahawa na chai"

Vilikuwamo, lakini havikuwa peke yake. Magadi yalishuka kutoka Ziwa Magadi kwa tawi la reli linaloungana na njia kuu Konza, mabehewa kwa mabehewa hadi Kilindini. Shaba ya Kilembe, huko magharibi mwa Uganda, ilipita hapa baada ya reli kufika Kasese mwaka 1956. Kwenda bara zilipanda mashine, mbolea, na mafuta, mafuta, mafuta.

"SGR ndiyo iliyoiua treni ya zamani"

SGR, reli mpya ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, ilianza kubeba abiria mwaka 2017 na mizigo mwaka 2018. Treni ya zamani ilikuwa inaumwa kwa miaka arobaini. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na shirika la reli la pamoja likagawanywa, injini huku, karakana kule. Mwaka 1978 bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi likaanza kazi, na mzigo ulioipa reli riziki ya uhakika ukapita chini ya ardhi. Kufika 1980 Garratt za daraja la 59 zilikuwa zimeondolewa. Mizigo iliyobaki ilichukuliwa na malori kidogo kidogo, na mwaka 2019, mizigo ilipoamriwa kurudi kwenye reli kwa lazima, wenye malori na wanaowategemea waliandamana hapa mjini. SGR imekuta mgonjwa kitandani.

Nayo imepambana na vilima vilevile kwa njia yake. Badala ya kuzunguka duara, imepasua vilima na kuruka mabonde kwa madaraja, ikafika Nairobi kwa kilomita 472 hivi. Kwa mtazamaji ni hasara: njia imezungushiwa uzio, na treni inapita juu ya nguzo huko, haraka, bila kuonyesha shida yoyote.

Wanaosema daraja la 59 zote zilikatwa chuma chakavu, nao wamekosea kidogo. Mbili zimo kwenye makumbusho ya reli Nairobi: namba 5918, Mount Gelai, na 5930, Mount Shengena. Milima yote miwili iko Tanzania. Mombasa hakuna hata moja.