Akishacheza mechi moja, ndiyo basi?

Vijiweni Kariakoo wengi huamini kwamba mchezaji akichezea timu ya taifa hata mara moja, hawezi tena kuhamia nchi nyingine. Imani hiyo ina chanzo: kanuni za zamani za FIFA, shirikisho la soka duniani, zilibana zaidi.

Mechi ya kirafiki peke yake haimfungi. Kinachomfunga ni mechi ya mashindano, kama ya kufuzu AFCON, hata akiingia dakika ya mwisho. Kukaa benchi hakuhesabiwi.

Tangu 2020 hata aliyefungwa hivyo anaweza kubadili timu ya taifa, mara moja tu maishani, ikiwa mechi zake za timu ya wakubwa hazizidi 3 (hapa za kirafiki nazo huhesabiwa, ndipo wengi hukosea), ile ya mwisho ya mashindano aliicheza kabla ya kutimiza miaka 21, imepita miaka 3 tangu avae jezi ya wakubwa, na hajacheza fainali za Kombe la Dunia wala za bara. Uraia wa nchi mpya awe alikuwa nao tangu mechi yake ya kwanza ya mashindano.

Ukitaka kuhakiki, weka tarehe yake ya kuzaliwa kando ya orodha ya mechi zake, uangalie aina ya kila mechi. Kwa timu yetu, uliza pia pasipoti: Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima.