Projekti si kile kitu mtoto analeta Ijumaa

Juzi mzazi amesimama tena mlangoni mwa darasa na swali lile lile nimelisikia miaka yote ya kufundisha Kilimo: "Mwalimu, projekti ya kijana wangu ilikuwa safi kabisa, mbona umempa Kukaribia Matarajio na wale wa kitu cha ovyo ovyo ukawapa Kufikia?" Nikamuuliza, samahani baba, ni nani aliitengeneza? Akanyamaza kidogo, akasema walisaidiana.

Nimechoka na hii imani kwamba natoa alama za urembo, kama maonyesho ya kilimo ya kaunti. Wacha nieleze vile mimi huweka alama, na ngazi zetu zinapanda hivi: Kukaribia Matarajio, Kufikia, halafu Kuzidisha.

Chukua mboji, Gredi ya Nne. Majani makavu, majani mabichi, samadi, jivu kidogo, udongo wa juu, maji, unarudia tabaka, halafu unachomeka kijiti kirefu kwa upande mpaka kifike katikati ya rundo. Kijiti ndio kipimo. Ukikichomoa kina joto na unyevu, rundo linaoza vizuri, na kikitoka baridi tena kikavu basi hapo ndani hakuna kazi inaendelea. Sasa hao wa "ovyo ovyo", wiki ya pili kijiti chao kilitoka baridi. Wakaandika kwa daftari lao: kijiti baridi, makavu yamezidi. Wakaongeza maji na samadi, wakageuza rundo lote, siku chache baadaye kijiti kikatoka na joto na wakakimbia kuniita nikishike. Rundo lao limeegemea upande mmoja mpaka leo, na wote nimewapa Kufikia, isipokuwa msichana mmoja aliyenieleza bila kuulizwa kwa nini maji yalileta joto, huyo nikampa Kuzidisha.

Yule kijana wa baba alileta ndoo ya mboji nyeusi, imeiva, nzuri kweli, mimi mwenyewe ningeiweka kwa sukuma zangu. Nikamuuliza kwa nini tunageuza rundo, akaangalia chini. Daftari lake ukurasa mmoja, tarehe zote kalamu moja, mwandiko wa mtu mzima. Hapo namtathmini nani? Na hii ndio inaniuma zaidi, kwa sababu yule mtoto ana akili, angeharibu rundo lake na angejifunza, lakini amenyimwa nafasi ya kuharibu.

Na msiseme ni mambo ya CBC, huu mtaala wa umilisi. Hata 8-4-4, mfumo wa zamani, ilikuwa na projekti ya Kilimo kwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, karatasi ya tatu, mtahiniwa anapanda zao na mwalimu anaweka alama hatua kwa hatua kuanzia kutayarisha shamba hadi kuvuna, na rekodi zina alama zake. Gharama pia nisiambiwe, gunia kuukuu na mtungi uliokatwa vinatosha.

Lakini kuna vitu sina uhakika navyo. KPSEA, ule mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 6, ya kwanza 2022 ilipangwa karatasi ya mwisho iwe asilimia 40 na tathmini za shuleni za Gredi 4, 5 na 6 zibebe 60, yaani 20 kila mwaka, na mimi nikiwa peke yangu na rubriki yangu, yaani mwongozo wa kuweka alama, Kufikia yangu ni sawa na ya mwalimu wa shule jirani? Tuliwahi kukaa wawili tukapima kazi ile ile na tukatofautiana ngazi nzima. Mwalimu ambaye hataki shule yake ionekane iko chini naye anapandisha tu, na najua hilo jaribu maana nimelihisi mwenyewe.

Halafu kikundi. Watano, rundo moja, nani aligeuza na nani alisimama? Wapole wananipotea kabisa, kwa hivyo siku hizi namchukua kila mtoto peke yake mpaka kwa rundo, dakika mbili, achomoe kijiti aniambie anahisi nini. Wengine hawana maneno lakini mikono inajua, unaiona vile inatafuta katikati. Darasa likiwa na zaidi ya hamsini hiyo inakula wiki nzima na somo linalofuata linachelewa, mwalimu mkuu ameshaniuliza mara mbili na jibu la kumridhisha bado sina. Jumatatu nimefikia nambari kumi na tisa.