Ufuatiliaji wa rangi ya kinga ni nini?

Ukiona kutu kwenye geti, ujue rangi ilishakufa siku nyingi. Rangi ya kinga hupakwa ili maji, hewa na chumvi visikifikie chuma. Kuifuatilia ni kuikagua kila baada ya muda na kuandika ulichokiona, ili uchakavu wake ujulikane kabla chuma hakijaanza kulika.

Kwa wakazi wa Msasani, Kunduchi au Kigamboni, pwani ya Dar es Salaam, si jambo la kupuuza. Upepo wa bahari huja na chumvi, chumvi huvuta unyevu, na chuma hukaa na majimaji hata siku ambayo mvua haikunyesha.

Pitisha kidole kwenye geti. Kikitoka na unga, jua limeshaanza kuila rangi juu juu. Hilo bado halitishi. Malengelenge ndiyo ya kuogopa. Mara nyingi chanzo ni fundi kupaka juu ya chuma chenye chumvi bila kukiosha. Chumvi iliyofunikwa huvuta maji yakapenya rangi, na rangi ikavimba. (Kuosha kwenyewe kunataka maji yasiyo na chumvi, na visima vingi vya pwani hapa mjini maji yake ni ya chumvi.) Anza kukagua kwenye kingo, maungio ya kuchomelea na vichwa vya bolti, kwa sababu rangi mbichi hukimbia ncha kali na kubaki nyembamba hapo.

Wakaguzi wa madaraja na matangi hutumia geji ya sumaku kupima unene wa rangi kwa mikroni, yaani sehemu ya 1,000 ya milimita. Kujua kama rangi imeshika, huichanja mistari sita na mingine sita ya kuikata, wakabandika selotepu na kuivuta. Vipande vikibanduka, rangi haijashika.

Kutu nayo ina madaraja ya ukubwa, Ri 0 (hakuna kutu) hadi Ri 5 (kutu nyingi zaidi), katika kiwango cha kimataifa cha ISO 4628-3. Ri 3 ni kutu kwenye asilimia 1 tu ya eneo, lakini mara nyingi hapo ndipo ukarabati mkubwa hupangwa.

Nyumbani simu inatosha: kila masika yakiisha, piga picha kona ileile ya geti, kwa umbali uleule, kisha ilinganishe na ya mwaka jana.