Je, wajua kwa nini gauni la mdoli humchelewesha fundi kuliko gauni la binti?

Mama mmoja wa hapa Moshi aliniletea kitenge cha sare ya kipaimara cha bintiye. Alitaka magauni mawili yanayofanana, moja la binti na moja la mdoli wake. Nikamwambia la binti aje kesho, la mdoli keshokutwa. Akashangaa kweli: "Fundi, kagauni kenyewe haka, kiganja tu, nako siku mbili?"

Ana haki ya kuuliza. Jibu ni kwamba mdoli umepunguzwa, lakini kitambaa hakikupunguzwa.

Midoli ya mitindo kama Barbie ina urefu wa sentimita 29 hivi, sehemu moja ya sita ya mwanamke mzima. Kitenge kina unene wa karibu milimita 0.3. Uzidishe mara 6 ujue mdoli unavaa nini hasa: karibu milimita 2, kitu kinene kuliko jinzi. Sasa njoo kiunoni, pale gauni linapoungana na rinda. Hapo kuna kitambaa cha juu, bitana, rinda lenyewe na ncha za mshono zilizokunjwa. Tabaka 5 kwa uchache, yaani milimita 1.5 kuzunguka mwili wote. Kiuno kinaongezeka karibu sentimita 1. Kwa binti mwenye kiuno cha sentimita 65 hakuna atakayeona. Kiuno cha mdoli ni sentimita 8 au 9, kwa hiyo umeunenepesha kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi.

Barbie ya kwanza ilipoonyeshwa New York tarehe 9 Machi 1959, kiuno chake kilikuwa chembamba kuliko cha mwanamke wa kawaida, na unene wa nguo ulikuwa sababu mojawapo: kiuno kilipunguzwa ili kikivikwa kionekane sawa. Nguo zake za mwanzo, zilizobuniwa na Charlotte Johnson, zilishonwa Japani, nyingi kwa mikono ya wanawake waliofanya kazi hiyo majumbani. Huwa nawakumbuka ninapovunja sindano.

Unene ni nusu ya shida. Nusu nyingine ni kuanguka kwa nguo. Gauni la mtu huteremka vizuri kwa sababu uzito wake mwenyewe unalivuta. Rinda la sentimita 15 halina uzito wa kushinda ugumu wa kitambaa, likasimama pande zote kama mwavuli. Ndiyo maana kitambaa cha bitana, na hata cha magauni mazima, nakitafuta kwenye mitumba ya soko la Memorial hapa Moshi: mashati ya pamba ya wanaume yaliyofuliwa mpaka yakalegea. Kitambaa kizee kinajua kuanguka. Kikigoma, nalilowesha rinda likiwa mwilini mwa mdoli, nalifunga kwa uzi kuanzia kiunoni hadi pindoni, naliacha likauke. Mwezi wa Julai, mawingu yakiuficha mlima, usiku mmoja hautoshi.

Cherehani nayo ina yake. Mguu wake hauwezi kuingia kwenye mkono wenye mzunguko wa sentimita 6. Kwa hiyo utaratibu tuliofundishwa unageuka: mikono inashonwa gauni likiwa bado bapa, ubavu unafungwa mwisho, na mgongo unaachwa wazi mpaka chini, maana mdoli haukunji bega kukusaidia kuuvika. Vipande ni vidogo hata meno ya cherehani huvivuta vikazama shimoni. Naviwekea karatasi laini chini, nashona juu yake, kisha naichana. Mishono naifupisha hadi milimita 1.5, na kwenye kona nazungusha gurudumu kwa mkono, tundu baada ya tundu. Akiba ya mshono ni milimita 5 tu. Nyuzi zikianza kufumuka, hakuna pa kurudia.

Rangi ndiyo iliyowahi kuniliza. Nilivika mdoli wa mteja wa Arusha gauni jekundu ambalo sikulifua kwanza. Baada ya wiki chache mapaja yalikuwa ya waridi, na hayakusafishika. Plastiki laini ina vilainishi ndani yake, na rangi ya kitambaa hupenya humo ikakaa. Tangu siku ile nafua kitambaa mpaka maji yawe meupe, na bitana ni nyeupe daima.

Nirudi kwa kitenge cha yule mama. Kilikuwa na maua makubwa kama sahani. Ua moja lingeumeza mdoli mzima. Nilikata karatasi, nikatoboa dirisha lenye umbo la kifua cha gauni, nikalitembeza juu ya kitambaa chote nikitafuta mahali ambapo dirishani panaonekana picha iliyokamilika. Nilipapata pembeni, kwenye jani dogo lenye nukta za njano ambalo kwenye gauni la binti lingepotelea ndani ya pindo. Kutafuta tu kulichukua saa nzima.

Vifungo viwili vya kubonyeza vya mgongoni nilivishona kwa mkono jioni ya siku ya pili. La binti lilikuwa limeshapigwa pasi tangu jana yake saa nne asubuhi.