Garimoshi lisilo na moshi: kwa nini treni ya Maharaja wa Baroda ilivutwa na ng'ombe?

Ukipita katikati ya Nairobi, Kampala au Dar es Salaam utaliona jina Baroda kwenye bango la benki. Benki hiyo ilianzishwa mwaka 1908 na Maharaja Sayajirao wa Tatu, mtawala wa dola ya Baroda huko Gujarat, magharibi mwa India, na mwaka 1953 ikafika Mombasa na Kampala. Miaka 46 kabla ya benki, ukoo huohuo wa Gaekwad ulikuwa umeshajenga kitu kingine kilichozua maneno: reli ambayo treni yake haikuwa na injini.

Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1862 na Maharaja Khanderao Gaekwad, kutoka mji wa Dabhoi hadi Miyagam, kilomita 30 na ushei. Ilikuwa reli ya kwanza India kumilikiwa na dola ya mtawala wa kienyeji, na ya kwanza nchini humo kuwa na upana wa milimita 762 kati ya pau zake mbili. Kwa kulinganisha, reli ya zamani ya Mombasa hadi Kampala ina milimita 1,000, na SGR ina 1,435. Mbele ya mabehewa walifungwa maksai. Sisi tunaoita treni garimoshi tungepata taabu kidogo hapo, maana gari lilikuwepo, moshi haukuwepo.

Na si kwamba injini za mvuke zilikuwa hazijafika India. Tarehe 16 Aprili 1853 treni ya kwanza ya abiria ilikuwa imeshatoka Bombay kwenda Thane ikiwa na injini 3, mabehewa 14 na wageni wapatao 400. Khanderao naye hakuwa mtu wa kubana matumizi. Ni yeye aliyeagiza lile zulia maarufu la lulu na vito ambalo, inavyosimuliwa, alikusudia kulipeleka Madina kwenye kaburi la Mtume, ingawa mwenyewe alikuwa Mhindu. Zulia hilo liliuzwa mnadani Doha mwaka 2009 kwa zaidi ya dola milioni 5 za Marekani. Mtu wa namna hiyo ashindwe kununua kichwa cha treni?

Jibu linaanzia ardhini. Sehemu kubwa ya nchi ile kuzunguka Dabhoi ni udongo mweusi, ule ambao Tanzania tunauita udongo wa mbuga. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mguu. Masika unageuka utelezi na kunata kama ulimbo. Pamba inaupenda sana udongo huu. Gurudumu la mkokoteni haliupendi hata kidogo. Mkulima wa Baroda alikuwa na pamba nzuri na njia mbovu, na ng'ombe wake waliweza kuzama hadi magotini pamoja na marobota.

Sasa, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilizuka Aprili 1861. Bandari za majimbo ya kusini zikafungwa na manowari, na viwanda vya nguo vya Lancashire, Uingereza, vilivyokuwa vikitegemea pamba ya huko, vikabaki na njaa. Bei ya pamba ya India ikapaa, na Bombay ikalewa fedha hadi vita vilipokwisha mwaka 1865 na watu wengi wakafilisika. Reli ya Khanderao ilifunguliwa katikati ya homa hiyo. Miyagam hapakuwa mahali pa kubahatisha: palikuwa kituo kwenye njia kuu ya kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikijengwa kupita Baroda kuelekea Ahmedabad, reli pana ya milimita 1,676. Kazi ya reli ndogo ilikuwa kukusanya mzigo bara na kuufikisha kwa reli kubwa.

Kwa kazi hiyo maksai walitosha, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Tunapofikiria reli tunafikiria injini, lakini faida ya kwanza ya reli iko kwenye zile pau mbili za chuma. Gurudumu la chuma likibingirika juu ya chuma hukutana na ukinzani mdogo mno, pengine hata sehemu moja ya kumi ya ule wa njia ya vumbi, achilia mbali tope. Maksai walewale waliokuwa wakihema na mkokoteni mmoja wangeweza kuvuta mzigo mkubwa mara kadhaa bila kubadilishiwa hata majani. Mvua ikinyesha, mataruma na kokoto zinaibeba treni juu ya tope. Asiyejua fizikia na anayeijua wote wangeona tofauti siku ya kwanza.

Halafu kuna jambo la wakati. Leo tunaichukulia injini ndogo ya mvuke kama kitu cha kawaida, lakini mwaka 1862 wahandisi wengi waliamini kwamba reli nyembamba kiasi kile ni ya wanyama. Mfano uliokuwa ukijulikana ni reli ya Ffestiniog huko Wales, ya kubeba mawe ya kuezekea nyumba, iliyofunguliwa mwaka 1836. Farasi walipandisha mabehewa matupu mlimani. Wakati wa kurudi mabehewa yenye mzigo yaliteremka yenyewe, na farasi wakapakiwa kwenye behewa lao, wakishuka kwa raha zao. Injini za mvuke ziliingia pale mwaka 1863 tu. Kwa hiyo aliyemcheka Khanderao kwa ng'ombe wake ilimpasa awacheke na Wales kwa farasi wao.

Mwaka huohuo wa 1863 Baroda nayo ilijaribu injini, kutoka kampuni ya Neilson ya Glasgow. Tatizo likajitokeza mara moja. Pau za reli zilikuwa nyepesi mno, zimechaguliwa kwa uzito wa behewa na ng'ombe, na injini hukusanya tani zake zote juu ya magurudumu machache. Maksai wakarudi kazini. Mpaka mwaka 1873, pau zile zilipong'olewa na kutandikwa nzito zaidi, ndipo njia hiyo ikawa na uwezo wa kubeba kichwa cha treni.

Msomaji wa pwani atatabasamu hapa, kwa sababu Unguja ilipitia njia hiyohiyo. Mwaka 1879 Sultani Barghash bin Said alijengewa reli ndogo ya maili 7 kutoka kwenye kasri lake mjini hadi Chukwani. Mabehewa yalivutwa na nyumbu, yaani wale wazaliwa wa punda na farasi, si wa Serengeti. Mwaka 1881 akaagiza injini kutoka kiwanda cha Bagnall, Uingereza. Barghash alikuwa amekaa uhamishoni Bombay kati ya 1859 na 1861, baada ya kushindwa kumpindua kaka yake Majid, miaka ambayo mji ule tayari ulikuwa na treni. Sitasema aliiga, ila macho alikuwa nayo. Tofauti ni kwamba reli ya Sultani ilikuwa ya kumpeleka kasrini, na alipofariki mwaka 1888 iling'olewa. Ya Baroda ilikuwa ya pamba, ikadumu.

Ikadumu na kutanuka, hasa chini ya Sayajirao wa Tatu. Huyu alikuwa mtoto wa wakulima, aliyeasiliwa na familia ya kifalme mwaka 1875 akiwa na miaka 12, baada ya Waingereza kumng'oa Malhar Rao, mdogo wake Khanderao, aliyetuhumiwa kutaka kumwekea sumu mwakilishi wao. Wakati wake njia nyembamba ziliongezeka zikitoka Dabhoi kama miguu ya buibui, mpaka mji huo mdogo ukawa mojawapo ya makutano makubwa kabisa ya reli nyembamba duniani. Upana mdogo ulikuwa na adhabu yake, hata hivyo. Kila robota lililofika penye njia kuu lilipaswa kushushwa na kupakiwa upya, kwa mabega ya watu, kwenye behewa la milimita 1,676.

Baada ya uhuru wa mwaka 1947 dola za maharaja, zaidi ya 500, ziliunganishwa na India. Baroda, iliyokuwa ikipigiwa mizinga 21 ya heshima, haikusalimika. Reli yake iliingizwa kwenye kampuni ya njia kuu mwaka 1949, na mwaka 1951 zote zikawa sehemu ya Reli ya Magharibi ya serikali. Aliyesimamia muungano huo alikuwa waziri Vallabhbhai Patel, mwana wa Gujarat.

Mojawapo ya njia nyembamba za Dabhoi ilikwenda Chandod, mji wa mahujaji kando ya mto Narmada. Sasa imepanuliwa na kurefushwa hadi Kevadia, ambako treni za njia pana zilianza kufika Januari 2021. Abiria wengi wanaoshuka huko wanakwenda kutazama sanamu ya mita 182, ndefu kuliko zote duniani. Ni ya Patel.