Tutu: sketi iliyofupishwa na miguu

Onyesho la Desemba linapokaribia, karakana yangu hapa Nairobi hujaa neti hadi pa kukanyaga hapapatikani. Majirani huniuliza mwaka huu tuna maharusi wangapi. Si gauni za harusi. Ni tutu, zile sketi za wachezaji wa balei, na huu ni mwaka wa 11 tangu nianze kuzishona.

Anayeiona tutu kwa mara ya kwanza hudhani ni pambo tu, kitu cha kumfanya msichana afanane na ua. Ua ni kweli, nami bado naipenda kwa macho ya mtoto. Lakini tutu ni chombo cha kazi. Ukifuata historia yake utaona kwamba si wanamitindo walioikata. Miguu ndiyo iliyoikata.

Marie Camargo alipoanza kucheza katika Opera ya Paris mwaka 1726, wanawake jukwaani walivaa magauni mazito yaliyokaribia kuburura sakafu. Wanaume ndio waliosifiwa kwa kuruka na kugonganisha miguu hewani. Camargo alizimudu hatua hizo hizo, lakini chini ya gauni lile nani angeziona? Akapandisha pindo hadi juu kidogo ya kifundo cha mguu. Kitambaa kilichoondoka ni cha kiganja kimoja hivi, na watu wakashtuka.

Zaidi ya miaka 100 baadaye, tarehe 12 Machi 1832, ikaja sketi ambayo sisi mafundi tunaihesabu kuwa mama wa tutu zote. Marie Taglioni alicheza La Sylphide, densi aliyotungiwa na baba yake Filippo, akiwa roho wa msituni anayemtorosha kijana wa Uskoti siku ya harusi yake. Alivaa bodi, yaani sehemu ya juu ya vazi, iliyombana, mabega wazi, na sketi nyeupe ya vitambaa vyepesi kama melimeli, tabaka juu ya tabaka, yenye umbo la kengele na kuishia kwenye shavu la mguu. Taglioni alikuwa anasimama kwenye ncha za vidole, na baba yake alikuwa amemfanyisha mazoezi ya saa nyingi kila siku hadi ncha zile zikaonekana hazina uzito. Sketi ndefu ingezificha, na sketi nzito ingeukana wepesi wake. Taa za gesi za jukwaani zilipoupiga ule weupe, ukang'aa kama mbalamwezi. Densi ya Giselle ya mwaka 1841 ilifuata njia hiyo hiyo, na hadi leo sketi ya namna ile huitwa tutu ya kimapenzi.

Lakini mwanga uleule uliua. Kila fundi wa tutu anapaswa kulijua jina la Emma Livry. Alikuwa nyota kijana wa Opera ya Paris, na Taglioni mwenyewe, akiwa amekwisha kustaafu, alimtungia densi ya Le Papillon mwaka 1860. Wakati huo serikali ya Ufaransa ilikuwa imeamuru mavazi ya jukwaani yatiwe dawa ya kuzuia moto. Dawa ile ilikikakamaza kitambaa na kukifubaza, na Livry akakataa. Aliandika barua kwamba atacheza na sketi yake ya kawaida na kwamba lawama ni yake. Tarehe 15 Novemba 1862, kwenye mazoezi, aliitikisa sketi yake karibu na taa ya gesi ili isijikunje. Ikashika moto. Aliishi miezi minane katika maumivu, akafa Julai 1863 akiwa na umri wa miaka 20. Mabaki ya vazi lake, vipande vilivyoungua, yamehifadhiwa katika jumba la kumbukumbu la Opera hiyo. Sijawahi kumlaumu. Najua jinsi neti inavyobadilika ikipakwa kitu chochote, jinsi inavyopoteza pumzi. Ila kila ninapofungua jora jipya, huchoma kipande kidogo nje ya mlango kwanza, nione moto unakwendaje.

Na jina je? Wafaransa walikuwa na neno la kitoto la makalio, kama tunavyowatamkia watoto wetu maneno laini ya viungo vya mwili, na neno hilo likahamia kwenye ile sketi iliyoyafunika kwa shida. Neti nayo kwa Kifaransa ina jina la mji wa Tulle, ulioko katikati ya Ufaransa. Zamani ilifanywa kwa mkono ikawa mali ya matajiri, hadi John Heathcoat alipotengeneza mashine yake Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1800. Bila mashine ile, hakuna kampuni ya densi ambayo ingemudu mita zinazohitajika.

Baada ya Taglioni, miguu iliendelea kudai nafasi. Waitalia walikuwa wamekuza mizunguko na kazi kali ya ncha za vidole, na walipokwenda kucheza St. Petersburg, Urusi, walikwenda na sketi zao fupi. Virginia Zucchi alifika huko mwaka 1885 na kushikilia kwamba sketi yake ikatwe fupi kuliko ilivyozoeleka kwenye majukwaa ya mfalme. Pierina Legnani akaja na mizunguko 32 mfululizo kwa mguu mmoja, mguu wa pili ukiuchapa upepo, na akaiweka katika densi ya Swan Lake ya Januari 1895. Jaribu kuzunguka hivyo na kengele ya Taglioni: kitambaa kitakusokota kama kamba. Hapa kuna kosa ninalolisikia mara kwa mara, kwamba tutu bapa kama sahani ilizaliwa na Swan Lake. Zitazame picha za Legnani. Sketi yake imesimama, lakini inashuka hadi karibu na goti. Sahani ilikuja katika karne ya 20, pindo lilipopanda hadi mguu wote, kuanzia nyonga, ukawa wazi.

Sahani hiyo ndiyo iliyonifundisha kazi. Nilikuwa nimezoea mashumizi ya gauni za harusi, nikadhani tutu ni shumizi fupi. Nikanunua neti laini Mtaa wa Biashara, nikakunja marinda, nikashona. Siku ya kujaribu ilisimama dakika tano, kisha ikaning'inia kama majani ya mgomba baada ya mvua ya mawe. Binti aliyeivaa alinyamaza kwa adabu, na ukimya ule uliniuma. Usiku ule niliifumua yote.

Siri haiko juu, iko chini. Tutu bapa ina tabaka 10 hadi 12 zilizoshonwa kwenye chupi maalumu. Ya chini kabisa ni fupi kama upana wa vidole viwili, inayofuata inaizidi kidogo, hivyo hivyo hadi ile ya juu inayokaribia sentimita 40. Vifupi vya chini, vilivyobanwa marinda kwa wingi na kwa neti ngumu, ndivyo vinavyoisukuma ile ndefu isianguke. Katikati hupitishwa waya mwembamba wa chuma ndani ya upapi. Mwisho unaingiza sindano na kupiga bandi ya kulegea kupitia tabaka zote, mshono mmoja hapa, mwingine pale. Ukikaza, sketi inakuwa ubao. Ukilegeza mno, kila tabaka inakwenda kivyake. Bandi ile huipimi kwa rula. Unaitikisa sketi mkononi na kuisikiliza.

Waya una taabu yake. Wachezaji wengi wakijaa jukwaani, sahani moja ikigusa nyingine zote mbili zinabinuka. Barbara Karinska, mzaliwa wa Kharkiv aliyewashonea wachezaji wa mtunzi wa densi George Balanchine kule New York, aliuondoa waya huo mwaka 1950 kwa ajili ya Symphony in C, densi ambayo mwisho wake una wachezaji wapatao 50 kwa pamoja. Alipunguza tabaka, akazifunga kwa bandi ya kulegea, sketi ikawa laini inayoinama kidogo kama pamba ya kupakia poda. Bodi zake alizikata hanamu sehemu za mbavuni ili kitambaa kivutike na mchezaji apumue. Kwangu mimi hakuna fundi aliyempita.

Bodi huwekwa bitana ya pamba nzito na vifungo vya ndoano mgongoni vyenye safu mbili au tatu, kwa kuwa vazi moja litavaliwa na wachezaji wengi. Halifuliwi. Jasho huondolewa kwa kunyunyizia vodka iliyochanganywa na maji, na tutu hutundikwa kichwa chini ili neti isilale.

Imebaki mikanda ya mabegani. Neti inayouzwa kwa jina la rangi ya ngozi ni rangi ya ngozi ya Ulaya. Kampuni ya Dance Theatre of Harlem, ya wachezaji weusi wa Marekani, ilianza katika miaka ya 1970 kulinganisha soksi na viatu na ngozi ya kila mchezaji, na Michaela DePrince, mchezaji wa balei aliyezaliwa Sierra Leone, alieleza jinsi yeye na mama yake mlezi walivyokuwa wakitia rangi mikanda ya mavazi yake. Mimi hutumia majani ya chai. Nachemsha sufuria iwe nyeusi, natia chumvi kidogo, nazamisha mikanda na kuhesabu dakika. Jumamosi iliyopita binti wa miaka 13 alisimama karibu na jiko, bega wazi, nami nikawa natoa kipande baada ya kipande na kukiweka begani pake kikiwa bado na unyevu. Cha dakika 10 kilionekana. Cha dakika 20 kilionekana kidogo. Cha dakika 35 alikitafuta kwa kidole.